Mpishi asiyeonja: kisa cha sukari kwenye jiko la shughuli, Lamu

Kwanza kabisa

Kisa ni cha kweli ila jina, mtaa, umri na vitu vingine vidogo vidogo nimevibadilisha, manake Lamu ndo hii, ukipiga chafya Mkomani wa Langoni ashakuombea dua. Mwenyewe nitamwita Khalti, ndivyo watoto wa mtaa wanavyomwita. Ruhusa ya kuandika alinipa, sharti lake lilikua moja tu, nisiandike popote kwamba anapika vibaya. Mimi ni mhudumu wa afya wa mtaani, wale tuliopewa begi lenye mashine ya presha na ya sukari mwaka 2023, na nimeandika hii kwa ajili ya wenzangu wa begi na yeyote anaeishi na mtu wa sukari nyumbani halafu anashangaa mbona huyu mtu aelewa kila kitu na hafanyi.

Usuli

Khalti ni mpishi wa shughuli. Harusi, khitma, wageni wa Maulidi ikifika Mfungo Sita mji ukajaa hadi hakuna pa kuweka mguu, zote hizo kazi yake. Alirithi kwa mamake, ameanza kukoroga masufuria ya watu kabla hajaolewa na sa hivi ana miaka 50 na kitu. Kuna familia hazipangi tarehe ya harusi mpaka ziulize Khalti ana nafasi lini.

Sa ukitaka kumuelewa angalia vitu vyake vya kila siku, hata havina uhusiano na hela. Masala hanunui ya kusagwa, anunua nzima na kutwanga mwenyewe. Hakai chini mpaka mgeni wa mwisho apakuliwe. Mkate wa dukani haingii nao nyumbani kwake mchana watu wakiona, akiutaka sana atamtuma mtoto usiku. Mlango wake ukipita saa yoyote utaitwa uingie ule, na ukisema umeshiba yuwakasirika kweli, si hasira ya mdomoni. Hakuna aliyemwandikia sheria hizo. Ukimuuliza atakwambia "mimi mpishi" na hapo amemaliza, kama vile swali lenyewe la kijinga.

Ilivyogunduliwa

Hakuja kwa ajili ya sukari. Kaa la moto lilimwangukia kwenye mguu jikoni, likatulia pale kwa muda na yeye hakusikia, alistuka aliposikia harufu. Kidonda akakitia asali na majani anayoyajua yeye, wiki zikapita hakifungi, ndo akanita nimfunge bendeji basi.

Mtu haskii kaa la moto kwenye mguu? Nikatoa mashine. Ikasoma 14.8 (kipimo cha mmol/L, na zote zinazofuata za mashine ni hivyo) na alikua hajala kitu cha maana tangu asubuhi. Nikampeleka hospitali, akapimwa kabla ya kula ikawa 11.2, na kipimo cha damu kile kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu kikatoka asilimia 9.6. Kwa wasiojua, kabla ya kula ukifika 7.0 na kuendelea, na ikirudiwa ikawa ivo ivo, hiyo ni sukari, na hicho kipimo cha wastani mpaka wake ni asilimia 6.5. Kwa hivyo yeye alikua ashaupita kitambo. Mishipa ya fahamu ya miguu ilikua imeanza kuharibika, ndo maana kaa halikumuuma.

Akaandikiwa metformin, vidonge vya kushusha sukari, akapewa siku ya kliniki, akapewa na karatasi.

Karatasi ya chakula

Hiyo karatasi ilikua imeletwa kutoka huko juu, imepigwa chapa vizuri, ina picha. Mchele wa rangi ya kahawia. Shayiri ya kuchemsha na maziwa ya kupunguzwa mafuta. Tufaha moja. Brokoli. Pembeni kuna mama amevaa viatu vya mazoezi anakimbia. Khalti akaiangalia kwa heshima, akaikunja, siku nyingine nikaiona imefunika mtungi wa achari.

Nilimuuliza. Akanambia, "Mwanangu, hiki chakula cha watu wengine. Mimi nikianza kula haya, wataosha masufuria yangu wakayauze."

Vidonge alimeza, lakini nusu. Metformin mwanzo mwanzo huvuruga tumbo kwa watu wengi, na yeye siku ya shughuli alikua haimezi kabisa, na sababu yake ukiisikia huwezi kucheka: mpishi anaeacha sufuria tatu motoni akakimbilia choo cha watu mara nne, ataitwa tena? Na siku za shughuli ndizo alizokula vibaya zaidi. Yaani dawa ilikua haipo hasa pale ilipohitajika.

Na alificha. Mtaa mzima uliambiwa mguu ni kuungua tu. Akihofia watu wakijua ana sukari watasema mkono wake umebadilika, au bi harusi atasema hataki kupikiwa na mgonjwa.

Siku ya biriani

Kliniki walikua wanamuuliza "unakula nini?" naye anajibu kweli kabisa: asubuhi chai kidogo, mchana wali kidogo na samaki, usiku sili. Na mashine inasoma 13. Sista wa kliniki akaona huyu mama muongo. Mimi nikaomba nikamsaidie kazi kwenye harusi moja, nikawekwa kwenye kumenya thomu pamoja na wasichana, nikakaa naangalia.

Khalti haonji kwa kijiko. Anachota mchuzi kwa mwiko, anautia tone kwenye kiganja cha mkono wa kushoto pale chini ya kidole gumba, anaulamba, anatulia macho yameangalia juu kidogo, halafu ndo anasema "chumvi" au "bado" au hasemi kitu akaenda sufuria nyingine. Masala ya biriani akayaonja hivo. Wali akachukua punje na nyama juu yake, hiyo si tone tena, ni tonge. Shira ya kaimati akaionja ikiwa nyepesi, ikiwa nzito, ikiwa imeshika. Kaimati zenyewe, ya kwanza ya kila karai lazima aile yeye ili ajue imeiva ndani. Tambi za sukari vilevile. Mahamri ya asubuhi alijaribu moja moja kila donge. Na katikati ya yote mwenye shughuli anapitisha chai, tamu hasa, ya tangawizi, na Khalti anaipokea kila inapopita kwa sababu mpishi akikataa chai ya mwenye nyumba ni kama amesema nyumba hii haina heshima.

Mchana tulipokaa kula, akala wali kidogo na samaki. Kweli kabisa alivyosema. Alikua hadanganyi mtu, ule mwingine wote kwake si kula, ile ni kazi.

Hapo ndo kisa chote kilipo kwa maoni yangu. Alikua na sehemu mbili kichwani: kuna Khalti anaekula, huyo alishamrekebisha vizuri tu, na kuna Khalti anaepika, huyo hakuguswa na mtu kwa sababu hata kuulizwa hakuulizwa.

Siku hiyo sikumwambia lolote la sukari. Nilimtania tu, Khalti si upunguze kuonja. Akanikata jicho. "Mpishi asiyeonja ni mpishi gani?"

Mambo mawili yaliyogeuza

La kwanza hatukulipanga sisi. Kulikua na mzee mmoja, nahodha aliyestaafu, alialikwa harusi ya jirani. Wanaume wamekaa kwenye sinia, yeye akala matonge mawili akanawa. Khalti habari zikamfikia, jikoni kila kitu hujulikana, akamtuma mtoto akamuulize Ami biriani ina kasoro gani. Mzee akajibu: "Mwambie biriani haina kasoro, kasoro ni mimi, nina sukari." Akaenda zake nyumbani akala muhogo wa kuchemsha.

Khalti hilo lilimuumiza kuliko 14.8, kuliko mguu. Mtu ametoka kwenye shughuli yake na njaa! Alikua na hasira kwanza na mzee, halafu na mwenye harusi, halafu akanyamaza. Jioni akanita na akaniuliza swali ambalo kliniki nzima ilikua haijawahi kumsikia akiuliza: watu wa sukari wanakula nini hasa, na wako wangapi mtaa huu?

La pili lilikuja mwezi wa Shaabani, watu washaanza kutayarisha tambi na kusafisha tende. Nikamuuliza tu kama mchezo. Khalti, Ramadhani huwa waonja?

"Astaghfirullah."

Na futari yako ina chumvi?

Masheikh wanaruhusu mtu kuonja kwa ncha ya ulimi akatema ikiwa ana haja, lakini Khalti hata hiyo haitumii, yeye mwezi mzima anapika kwa pua, kwa jicho na kwa mkono, na futari yake watu wanaigombania. Mamake alikua hivo hivo. Nikamuacha na hilo, sikuongeza neno. Siku ya pili alinijia mwenyewe na maelezo yake kwamba harufu ya biriani chumvi ikiwa pungufu inakuja "tupu", na shira iliyoshika unaijua kwa vile inavyoanguka kutoka kwenye mwiko, nyuzi, haina haja ya ulimi.

Tulichoamua na kwa nini

Tulikaa na sista wa kliniki, ambae kwa haki yake alisikiliza baada ya kusikia habari za kiganja. Tukakubaliana hivi.

Karatasi tukaiweka kando, na hata lile neno dayeti hatukulitaja tena mbele yake. Sababu ni kwamba kila likitajwa alikua anasikia "acha kuwa wewe". Badala yake tukamuomba kazi: atengeneze sinia ya pembeni kwa wageni wa sukari na presha kwenye shughuli, aamue yeye kiwe nini, sista atakiangalia kama kinafaa. Alirudi na samaki wa kuchoma, mchicha na kunde bila kumimina nazi nyingi, kachumbari, na mkate wa mofa wa mtama uliokatwa vipande vidogo, akasema babu zetu walikula hivi kabla mchele haujawa rahisi. Mtama nao ni wanga, sista akamwelezea, kwa hivyo wakakubaliana ukubwa wa kipande. Sahani ikawa nusu mboga, robo samaki, robo mofa. Hiyo robo na nusu ndiyo ile ile iliyokua kwenye karatasi, ila sasa imetoka mkononi kwake.

Kuonja akamkabidhi binti wa nduguye, miaka 20 na kitu, anaejifunza kazi. Khalti anaamua kwa harufu kwanza, anasema "chumvi bado," halafu binti anaonja kuthibitisha. Hilo yeye aliligeuza likawa cheo, fundi mkubwa ana mtu wake wa kuonja, na alilisema mbele za watu kwa sauti.

Dawa sista alimhamishia kwenye mlo mkubwa wa jioni, akaanza tena na dozi ndogo ikipandishwa taratibu, tumbo likazoea. Na kabla ya Ramadhani alionana na daktari kuhusu kufunga, wakapanga dozi iende na futari na daku na akaelezwa dalili za kumfanya afungue. Mtu wa sukari asifunge kwa kukisia, hili nalisema kwa yeyote anaesoma.

Kitu kimoja tuliamua kukiacha: siri. Kumlazimisha atangaze hatukuona faida yake wakati ule.

Matokeo

Kidonda kilifunga kabla ya Idi. Baada ya miezi mitatu minne asubuhi alikua anasoma 7 na pointi, mara 8, na wastani ukashuka hadi asilimia 7.4. Sinia ya pembeni ikapata jina mtaani, wazee wakawa wanaiuliza, nahodha wetu akala hadi akalamba vidole. Wenye harusi wawili watatu waliiagiza hata kabla hajawatajia.

Halafu msimu wa harusi ukaingia, na wastani ukarudi 8.3.

Nilifikiri ni kuonja, kumbe la. Khalti alikua ameshakua mpishi wa watu wa sukari, na kwenye hiyo sura mpya yeye yuko upande wa kupakua, haketi kwenye sinia ile. Anawapangia wazee mofa na samaki, anawasisitiza, anawagombeza kabisa "Ami, kipande kimoja tu", halafu kazi ikiisha anakaa na wapishi wenzake kwenye ukoko wa biriani. Kliniki aliruka mara mbili, mara zote mbili alikua ana shughuli ya kuwapikia wagonjwa. Sista alicheka akakasirika kwa pamoja.

Suluhisho lilikua dogo na sidhani limemaliza. Kliniki walimualika afundishe wagonjwa wengine kupika, na sheria ikawekwa kwa wote, mfundishaji hupimwa wa kwanza na mashine inasomwa kwa sauti. Siku ya kwanza alisoma 10.1 mbele ya kina mama kama kumi hivi na mmoja wao alikua mteja wake. Siri ikaisha hapo hapo. Alinyamaza, akafunga kitambaa cha kichwa upya, akasema "basi leo tutapika mchicha, na mimi pia nitakula huu huu." Kazi haikupungua kwa hilo, na hakuna bi harusi aliyemkataa. Kipimo cha mwisho cha wastani ni asilimia 7.8.

Uchambuzi

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Daphna Oyserman, yeye na wenzake walichapisha tafiti zao mwaka 2007 kuhusu watu wa jamii za wachache kule kwao. Waliona kwamba mambo kama mazoezi na kula mboga, wengi walikua wanayahesabu kuwa mambo ya Wazungu wenye uwezo, si ya "watu kama sisi", na mtu akikumbushwa jamii yake hata elimu ya afya anayoijua inamponyoka na anaanza kuona afya ni kudra tu. Hoja yake nyingine naipenda zaidi: jambo gumu likiwa ni la watu kama mimi, ugumu wake naona ni dalili kwamba lina maana. Likiwa la watu wengine, ugumu ule ule naona ni dalili kwamba halinihusu. Khalti husimama moshini tangu alfajiri na hasemi ni ngumu. Brokoli alisema ni ngumu.

Kwa hivyo kilichofeli mwanzoni wala hakikua elimu, aliielewa kliniki kushinda wengi. Karatasi ilimtaka awe mtu mwingine kwanza ndo apone, na kwa mtu ambae jina lake mtaani ndo kazi yake hiyo bei ni kubwa mno, hata mguu ni rahisi kuliko hiyo. Kumwita muongo pia kulitupotezea muda, manake swali "unakula nini" kwake lilikua linamuuliza mtu mmoja tu kati ya wale wawili.

Kilichofanya kazi ni kukuta tendo tunalolitaka liko tayari ndani ya upishi wake. Kupika bila kuonja lilikuwepo, mwezi mzima kila mwaka, tena kwa fahari. Mgeni asitoke na njaa, lilikuwepo. Hatukuleta kitu kipya zaidi ya vipimo vya sahani. Ningeweka mkazo hapa kwa wenzangu wa begi: kabla hujatoa ushauri kaa naye kwenye kazi yake angalau mara moja, umenye thomu, kwa sababu mtu hatakutajia kitu ambacho yeye mwenyewe hakihesabu.

Upande wa pili nao usifichwe. Ukimpa mtu sura mpya ya kujivunia inaweza kumpa pia mahali pa kujificha. Nimeona hata kwa wenzetu, mhudumu wa afya anapima presha za watu mwaka mzima na yake haijui. Sura ya mtoaji inamlinda mtu asijione mpokeaji. Ile sheria ya kupimwa wa kwanza ilisaidia kwa sababu iliziunganisha hizo mbili kwa mwili mmoja mbele za watu, lakini ilikua na hatari. Kwa mtu mwingine, au siku nyingine, angeondoka asirudi. Nisingeijaribu kwa mama ambae hajawahi kusifiwa kwanza.

Chai bado imetushinda, naisema wazi. Chai ya mwenye shughuli, chai ya jirani, chai ya kwenye msiba. Ile haihusiani na upishi, ile ni ujirani, na kwenye ujirani hatujapata kitu kama Ramadhani cha kushika. Alijaribu kusema "mimi yangu kavu" akaletewa kavu yenye sukari nusu kwa huruma. Sa hivi anapokea kikombe, ananywa kidogo, na kinachobaki anampa mtoto aliye karibu, ambalo kwa mtoto si zuri pia.

Na kuna huyo binti. Khalti amepunguza kuonja kwa kumpelekea mwengine, na mwengine huyo ni damu yake, sukari hii ya ukubwani hutembea kwenye familia. Tumempima kabla ya kula akasoma 5.4, iko sawa. Lakini juzi mteja alimuuliza yeye ni nani pale jikoni akajibu "mimi mpishi," kwa sauti ile ile. Tumemuomba Khalti amtafute msichana wa pili wapokezane kuonja, na shira ifundishwe kwa mwiko tangu sasa. Khalti amesema atafikiria, ila msichana wa pili asiwe wa kutoka nje, manake siri ya masala haitoki nyumbani.